Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili: hesabu mbili za matumizi ya wingu zilizokataa kukubaliana

Tarehe 4 Aprili 2024 mhasibu wetu aliniita mezani kwake, hapa Kigoma mjini, akanionyesha karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ankara ya mwezi Machi kutoka kwa kampuni inayotuuzia programu ya kumbukumbu za ununuzi wa samaki, programu ambayo data zake zote zimehifadhiwa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa mtandao, na ambayo tunailipia kwa mwezi. Ya pili ilikuwa ripoti ya programu nyingine, ile tunayoitumia kufuatilia malipo yetu yote ya programu: nani anatumia nini, kwa kiasi gani, na kwa gharama ipi. Ankara ilisema kwamba katika mwezi wa Machi tulikuwa na watumiaji hai 58, na kwamba tumehifadhi gigabaiti 644. Ripoti yetu ilisema watumiaji 47 na gigabaiti 600.

"Kaka," aliniuliza, "mimi nilipe ipi?"

Kwa dola 6 kwa kila mtumiaji, tofauti ya watu 11 ni dola 66, fedha ambayo kampuni ya ukubwa wetu ingeweza kuilipa na kunyamaza. Kilichotuzuia kunyamaza ni mambo mawili. Mkataba wetu unatutaka tutangaze, kabla ya tarehe 25 Aprili, idadi ya chini ya watumiaji ambayo tutailipia kuanzia Mei hadi Julai, watumie wasitumie. Na taarifa zilikuwa zimekwisha kutufikia kwamba Ziwa Tanganyika litafungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Sisi tunanunua dagaa na migebuka pale mwaloni Kibirizi, mashua za uvuvi zinaposhusha samaki, tunaanika, tunafungasha na kusafirisha. Ziwa likifungwa, makarani wa mizani hawana cha kupima. Kutangaza idadi isiyo sahihi kungetufanya tulipie, kwa miezi mitatu, vishikwambi vilivyofungiwa kabatini. Kwa hiyo tulihitaji kujua ukweli wa Machi ili tuweze kuamua juu ya Mei.

Nieleze kwanza tulivyokosea, kwa sababu tulipoteza siku nne hapo. Siku ya kwanza tuliandika barua pepe kali kwa mtoa huduma tukimtuhumu kwamba ametuzidishia watu. Alijibu kwa adabu kwamba anazo kumbukumbu za kila tukio na yuko tayari kututumia. Siku ya pili mwenzangu mmoja alipendekeza tutafute namba moja ya kuzidishia ripoti yetu ili ifanane na ankara, tuitumie kila mwezi. Nilikataa, na bado naamini nilikuwa sahihi kukataa. Namba ya namna hiyo huficha kosa badala ya kulieleza, na kosa lisiloelezwa hubadilika ukubwa kila mwezi bila kukuaga. Siku mbili zilizofuata tuliandama watumishi walioacha kazi, tukidhani akaunti zao zinatumiwa na watu wengine. Hatukukuta hata moja.

Siku ya tano niliacha kuzitazama jumla. Jumla mbili zikikataa kukubaliana, hazina la kukuambia zaidi ya hapo. Ni mistari inayozijenga ndiyo inayosema. Nikamwomba mtoa huduma anitumie faili la mistari ghafi ya mwezi mzima, mstari mmoja kwa kila tukio, ukiwa na anwani ya mtumiaji, jina la tukio na saa. Nikatoa mistari ya namna hiyo hiyo kutoka kwenye programu yetu ya ufuatiliaji. Kisha nikatafuta shahidi wa tatu ambaye hana uhusiano na kompyuta, naye ni daftari la mwaloni, ambalo karani mkuu wa zamu hulijaza kwa kalamu na ambalo katibu muhtasi huliingiza kwenye jedwali la kompyuta kila wiki.

Nikachagua tukio moja: karani mmoja, mizani moja, usiku mmoja. Karani huyo alikuwa katika ankara lakini hakuwamo katika ripoti yetu ya Machi, na katika mwezi mzima alikuwa na kazi ya usiku huo tu. Faili la mtoa huduma lilisema alipima beseni 14 tarehe 31 Machi, saa 23:15. Programu yetu ilisema alipima beseni 14 tarehe 1 Aprili, saa 02:15. Jedwali la katibu muhtasi lilisema alipima beseni 14 tarehe 1 Aprili, saa 8:15 asubuhi.

Tofauti ya saa tatu kati ya shahidi wa kwanza na wa pili niliitambua mara moja. Huduma nyingi za wingu huhesabu kwa saa ya dunia, UTC, na Tanzania iko mbele ya saa hiyo kwa saa tatu. Lakini kati ya mtoa huduma na daftari kulikuwa na saa tisa, na saa tisa hazikuingia akilini. Nilitafuta nchi yenye seva ambako saa tisa zingepatikana, nikafikia mahali pa kudhani kwamba kishikwambi cha mizani ile kiliwekewa saa za Japani. Nilikikagua, kilikuwa sawasawa.

Jibu nilikwenda kulikuta Kibirizi. Daftari lenyewe ni kubwa, limevimba kwa unyevunyevu wa ziwa, na magamba ya samaki yamekaukia pembeni mwa kurasa. Juu ya ukurasa karani alikuwa ameandika, "Usiku wa 31/3 kuamkia 1/4." Chini yake, katika mstari wa sita: "Mizani ya 2, saa 8 na robo, beseni 14." Aliandika kama sote tunavyosema. Saa nane na robo usiku, kwa namna tunavyohesabu saa tangu jua kuchwa, ni saa 02:15 kwa kompyuta. Katibu muhtasi, akiwa mezani mchana, aliona "8 na robo" na "1/4" akaandika 8:15, na kompyuta ikaichukua kuwa asubuhi. Zile saa tisa zilikuwa saa sita za Kiswahili juu ya saa tatu za UTC. Mashahidi wote watatu walikuwa wakisema tukio lile lile, dakika ile ile, na hakuna aliyesema uongo.

Naomba msomaji asilipite jambo hili kwa haraka, kwa kuwa linawahusu wote wanaofanya kazi za usiku katika nchi yetu na kuziingiza katika mifumo iliyotengenezwa kwingine. Ofisi inayofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi jioni inaweza kukaa miaka mingi bila kuona athari ya saa tatu, kwa sababu siku ya UTC hugeuka hapa kwetu ikiwa saa tisa usiku, na saa hiyo ofisi imelala. Sisi hatulali. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mashua za mwanzo hurudi mwaloni alfajiri haijafika. Machi ile Ramadhani ilikuwa imeanza, na makarani wengi waliomba zamu za baada ya futari hadi daku. Kwa hiyo sehemu nzito ya kazi yetu huangukia kati ya saa sita na saa tisa usiku, yaani katika zile saa tatu ambazo sisi tunaziita leo na mtoa huduma anaziita jana. Siku ya mwisho wa mwezi, "jana" hiyo inakuwa mwezi uliopita, na ankara nyingine.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili ulikuwa na uzito wake pia. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 25 Machi, na mbalamwezi inapong'aa taa za wavuvi hazivuti dagaa, hivyo wavuvi hupumzika. Tarehe 31 ilikuwa Pasaka. Makarani wanne wa msimu, ambao mkataba wao ulianza tarehe 1 Aprili, waliingia zamu usiku ule ule giza liliporejea. Kwetu walianza Aprili. Kwa mtoa huduma walikuwa hai Machi, kwa saa chache tu, na kila mmoja akahesabiwa mwezi mzima. Hao ni wanne kati ya wale 11. Mwanzoni mwa Machi mpaka huo huo haukuleta tofauti ya watu, kwa sababu kila aliyefanya kazi usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi aliendelea kufanya kazi siku nyingine za mwezi. Mpaka humuuma yule tu ambaye hana tukio jingine upande wa pili.

Si watoa huduma wote wanaogeuza siku saa tisa usiku. Amazon Web Services na Azure ya Microsoft hutumia UTC katika hesabu za malipo, lakini Google Cloud hutumia saa za Pasifiki za Marekani, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 11, au 10 wakati wa majira yao ya joto. Kwa mtu wa Kigoma, siku ya ankara ya namna hiyo huanza saa tano au saa nne asubuhi, katikati ya kazi. Anayefuatilia huduma mbili za namna hizo katika jedwali moja, bila safu inayoeleza kila saa ni ya wapi, anachanganya siku tofauti na kuziita jina moja.

Watu saba waliobaki walikuwa na hadithi tofauti. Mtoa huduma anahesabu akaunti, na akaunti kwake ni anwani ya barua pepe. Programu yetu inahesabu watu, kwa kuunganisha akaunti kupitia namba ya utumishi. Mwezi wa Januari tulibadilisha anwani zetu za barua pepe, tukawafungulia watumishi akaunti mpya, lakini vishikwambi vitano vya mwaloni viliachwa vikiingia kwa anwani za zamani. Makarani watano walikuwa wakitumia anwani mpya ofisini na ya zamani kwenye mizani, hivyo kila mmoja akawa wawili katika ankara na mmoja katika ripoti. Hapa niliusoma mkataba kwa makini: unasema wazi kwamba mtumiaji ni akaunti iliyoingia angalau mara moja katika mwezi. Ankara ilikuwa sahihi, na gharama ya uzembe huo ilikuwa yetu halali. Wawili wa mwisho hawakuwa watu. Moja ilikuwa akaunti ya mizani ya kielektroniki inayotuma uzito yenyewe, na nyingine ni ya kunakili kumbukumbu kila usiku. Kifungu kingine cha mkataba kinasema akaunti za mashine hazitozwi. Tulipokionyesha, mtoa huduma alikubali bila ubishi, akapunguza dola 12, na ankara ikashuka kutoka dola 348 hadi 336.

Wanne, watano na wawili ni 11. Nilitaka bado uthibitisho kutoka nje ya hesabu hizo, kwa sababu si vigumu kupanga sababu hadi zijaze pengo. Ukiondoa katika 58 akaunti mbili za mashine na tano zilizojirudia, wanabaki watu 51. Orodha ya mishahara iliyochapishwa tarehe 3 Aprili ilikuwa na majina 52, na mmoja wao alikuwa likizo ya uzazi tangu Februari. Hapo nikatulia.

Gigabaiti hazikunichukua hata nusu saa. Mtoa huduma huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Programu yetu iligawanya kwa 1,073,741,824, ambayo ni 1,024 ikizidishwa yenyewe mara tatu, kisha ikaandika "GB" vilevile. Kipimo hicho cha pili kilipewa jina lake, gibibaiti, mwaka 1998 ili watu wasichanganye, ila programu nyingi hazijawahi kulitumia. Zidisha 600 kwa 1.0737 utapata 644. Ni kiasi kile kile cha picha za risiti na mizigo.

Nilidhani kazi imekwisha, na ingekuwa imekwisha kama ningeangalia watu na nafasi peke yake. Lakini ripoti ina safu ya tatu, ya idadi ya matukio kwa siku, ambayo hatutozwi kwayo na hivyo hakuna aliyekuwa akiitazama. Baada ya kuweka saa sawa pande zote mbili, bado matukio 1,568 yalikuwa kwa mtoa huduma na hayakuwa kwetu. Nikairudia ripoti ya awali na kuisoma siku moja baada ya nyingine, taratibu. Tarehe 8 Machi: 1,000. Tarehe 9: 1,000. Tarehe 10, 11 na 13: 1,000. Siku nyingine zilikuwa na namba za kawaida, 871, 640, 912. Hakuna kazi ya mwaloni inayotoa elfu moja kamili mara tano.

Tarehe 10 Machi ulikuwa mwezi mwandamo. Siku zile zilikuwa za giza totoro, mashua zikirudi zimejaa, na makarani walikuwa wakipima bila kupumzika. Mtoa huduma hutoa mistari kwa kurasa, kila ukurasa mistari 1,000, na mwisho wa ukurasa huweka alama ya kuombea ukurasa unaofuata. Programu yetu ilichukua ukurasa wa kwanza, ikaipuuza alama, ikaandika 1,000 na kuendelea na siku nyingine bila kutoa onyo lolote. Mpangilio wa kuvuta kurasa za ziada ulikuwepo, na ni mimi niliyeuacha umezimwa nilipoisakinisha programu, kwa kuwa wakati huo hatukuwa na siku inayofika matukio 400. Nilipouwasha na kuvuta Machi upya, siku zile tano zikasoma 1,310, 1,402, 1,388, 1,275 na 1,193. Ziada yake ni 1,568 kamili.

Kosa hili ndilo lililonitia hofu kuliko yote, ingawa halikubadilisha hata senti moja ya ankara ya Machi. Tofauti ya saa huhamisha tukio kutoka siku moja hadi nyingine, na jumla ya mwaka hubaki karibu ile ile. Kurasa zisizovutwa hupoteza matukio moja kwa moja, na huyapoteza siku zile zile za mavuno makubwa, siku ambazo kampuni ingependa kuzijua kuliko nyingine zote. Tungeendelea hivyo, tungekuja kuamini kwamba usiku wa giza hauna tofauti kubwa na usiku wa kawaida, jambo ambalo mtoto yeyote wa Kibirizi angetucheka kwalo.

Marekebisho yalifanyika katika juma moja. Kila mstari sasa huhifadhiwa kwa UTC, na pembeni yake huwekwa safu ya saa za Afrika Mashariki pamoja na safu ya "usiku wa kuamkia", kwa kuwa hiyo ndiyo siku ya kazi inayoeleweka mwaloni. Mwezi wa ankara hufungwa kwa UTC, na mwezi wa mishahara kwa saa zetu. Ripoti hutoa idadi mbili, ya watu na ya akaunti, kila moja ikiwa na jina lake. Data za mwezi hazivutwi tena asubuhi ya tarehe 1 na kuachwa. Huvutwa upya tarehe 6, kwa sababu kishikwambi kilichokosa mtandao hutuma matukio yake kinapoupata, na mistari hiyo huchelewa. Siku yoyote itakayosoma elfu kamili huwekewa alama nyekundu. Makarani hawakutakiwa wabadilishe namna ya kusema saa. Tuliomba tu waandike neno "usiku" au "asubuhi" kila mara, na jedwali la katibu muhtasi likawekewa kanuni ya kuongeza au kupunguza saa sita lenyewe. Sikuona haki kumlazimisha mtu anayepima samaki gizani, mikono imelowa, afikiri kwa saa za seva.

Ikabaki idadi ya kutangaza kabla ya tarehe 25. Mzee mwenye kampuni alipendekeza 47, kwa kuwa ndiyo ilikuwa ripoti yetu mwenyewe. Nilimwomba anipe siku moja. Katika mistari iliyokwisha kusafishwa nilitafuta usiku na mchana ambao mashua hazikutoka, yaani tarehe 22 hadi 28 Machi, siku za mbalamwezi. Niliona kwamba juma lile lilikuwa mfano mdogo wa ziwa lililofungwa: yeyote aliyeendelea kuitumia programu wakati hakuna samaki mwaloni ni mtu wa ghala, wa mauzo au wa hesabu, na ataihitaji hata mwezi Juni. Zilikuwa akaunti 16. Mbili zilikuwa zile za mashine. "Kumi na wanne, mzee," nilimwambia, nikampa majina. Aliyasoma moja moja, hakumwongeza yeyote, hakumpunguza yeyote, akasaini. Kwa watu 47, kiwango cha chini cha miezi ile mitatu kingekuwa dola 846; kwa 14 kilikuwa 252.

Ziwa lilifunguliwa katikati ya Agosti, mwezi ukiwa umebakiza siku chache kuwa mpevu, kwa hiyo juma la kwanza halikuwa na kazi kubwa. Giza la kwanza la kweli liliangukia mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Septemba ulivuka mwezi mmoja kwenda mwingine huku mashua zote zikiwa majini. Hatukuwa na jaribio zuri zaidi ya hilo. Makarani watatu wapya waliingia zamu yao ya kwanza saa saba usiku. Tarehe 6 Septemba nilivuta data upya, nikapeleka ripoti kwa mhasibu, naye akaiweka kando ya ankara ya Agosti: watumiaji 49 huku, 49 kule, na wale watatu wamo katika zote mbili. Aliandika "zimekubaliana" pembeni mwa ankara, akaweka tarehe, akalipa.